Mtoto Aliyetakiwa Alie

Watu wengine wakijaliwa mtoto mtulivu humshukuru Mungu na kujilalia usingizi. Bernado Masatu wa Makoko, pale Musoma, alijaliwa mtoto mtulivu, akanuna. Kila asubuhi, hata uso hajanawa, alimwuliza mkewe, "Marieta, mtoto amelia?" Marieta akajibu, "Hajalia, Mungu mkubwa." Basi Bernado akatoka uani na kuupiga teke mpapai ambao haukuwa na kosa lolote.

Msimwone mwehu. Alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa wivu.

Mwaka ule wa themanini na tisa Leonardi Keraryo alifariki kwao Butiama. Aliyeishi enzi zile hahitaji kuambiwa Keraryo ni nani. Asiyekuwepo aambiwe: ndiye aliyecheza mpira Dar es Salaam na timu ya taifa miaka ya sabini, watu wakigombania kukaa karibu na redio. Halafu, goti limeshaharibika na umri umekwenda, akarudi mkoani kwake akaja kumalizia soka lake na Mwalo Stars ya Musoma. Alikuja kipindi cha dhiki, sukari imekuwa hadithi na sabuni imekuwa siri. Jezi zilifuliwa kwa majani ya mpapai. Betri za redio zilianikwa juani pembeni ya dagaa ili zipate nguvu ya kusema tena kidogo. Katika hali hiyo, watu waliokosa kila kitu wakaletewa Keraryo, na wakampenda kupita kiasi. Walimwita Fundi.

Fundi hakuacha mtoto. Siku ya mazishi dada yake, Petronila, alisimama mbele ya washabiki waliotoka Musoma na Bunda, akasema, "Kaka yangu hakuzaa. Lakini miaka ile ya mwisho alikuwaga wa kwenu. Akidai jina kwa mtoto wa mtu wa timu yake, mje mniite. Nitakuja mwenyewe kumbariki, na mtoto huyo atakuwa wa kwetu pia."

Watu wa ziwani walimwelewa mara moja. Kwao mtoto mchanga akilia kupita kiasi, bila homa wala tumbo, wazee hawasemi anadeka. Wanasema kuna marehemu anadai jina. Bibi mkubwa wa nyumba humwita mtoto kwa majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, na jina litakalomnyamazisha ndilo lake. Padri atambatiza jina la kanisani, sawa, lakini lile jingine ndilo la kumwitia chakula.

Bernado aliposikia maneno ya Petronila aligeuka kumtazama mkewe, ambaye tumbo lilikuwa linatangulia kila anapokwenda. Alipoinua macho akamwona Florian wa Kabasa, kule Bunda, naye anamtazama mke wake mwenyewe, mjamzito vilevile. Wanaume hao wawili wakatazamana juu ya kaburi ambalo udongo wake haujakauka, na ugomvi ukaanzia hapo.

Huyu Florian, miaka ya dhiki, alikuwa utingo wa lori la pamba lililokuwa likiwabeba washabiki kwenda mechi za Bunda. Biashara zilipofunguliwa alijitosa kwenye mitumba, na sasa alikuwa na pikapu yake mwenyewe na shati lililoandikwa jina la chuo asichokijua. Kila Jumamosi alikuja Musoma kuchukua dagaa, akaegesha pikapu mbele ya kibanda cha chai cha Dafroza kule Mwigobero, mahali ambapo washabiki wa zamani wa Mwalo Stars walikusanyika kumkumbuka Fundi. Bernado angeweza kumvumilia Florian na pikapu yake. Hakuweza kumvumilia Florian na kumbukumbu zake.

"Alikuwaga hakimbii," mtu mmoja alianza, kama walivyoanza siku zote. "Anasimama pale katikati kama anasubiri mgawo wa sukari."

"Lakini mpira ukimfikia!"

"Ukimfikia, mwenzangu, hapo ndiyo utajua kwa nini amesimama."

"Aliniambiaga mwenyewe," akasema Florian, akipuliza chai. "'Florian, mimi nimeshakimbia vya kutosha. Sasa mpira nao ukimbie.' Yuko kwangu Kabasa, anakula ugali wa muhogo. Siku ile ile aliyofunga ile faulo ya Bunda. Alilala kwangu, mnajua."

Walijua. Hapakuwa na mtu kati ya Musoma na Bunda asiyejua kwamba Fundi aliwahi kulala kwa Florian.

"Maneno hayo aliyasemea huku," Bernado akadakia. "Nilikuwa namchua goti kwa mafuta ya samaki kamongo. Miaka yote mitatu, njumu zake nilibeba mimi. Goti lile lilikuwa linakijua kiganja changu."

"Goti linajua kiganja! Mimi nilimtandikia kitanda."

"Mara moja!"

"Mara moja ya kitanda inazidi mara mia za goti."

Dafroza alikuwa anasuuza vikombe. Alikuwa mama asiyependa makelele yasiyoambatana na kununua. "Marehemu alikuwa na kazi," akasema. "Neno moja hilo hilo amemwambia kila mtu peke yake. Sasa mimi nawaulizeni. Fundi hakimbii. Mpira anausukuma kule mbele. Aliyekuwa anaukimbilia ni nani?"

Florian akakuna kidevu. "Si ni yule kijana? Mdogo wake Bernado. Eliasi."

"Ehee," akasema Dafroza, akaendelea na vikombe vyake.

Bernado akachukua kikombe ambacho chai ilikuwa imekwisha, akanywa.

Kabla ya Fundi, jezi namba kumi ya Mwalo Stars ilikuwa ya Eliasi. Alikuwa kijana mwembamba, mchache wa maneno, na mpira ulimpenda bila yeye kuubembeleza. Bernado, mkubwa wake, naye aliwahi kujaribu kucheza. Kocha alimtazama mazoezini, akamwambia kwa upole ashike mikoba ya wenzake. Tokea siku hiyo akawa mpiga ngoma na katibu wa washabiki, na kila Eliasi alipofunga alipiga ngoma kwa nguvu, huku kifuani kitu kikimchoma. Asingeweza kumwambia mtu. Utaanzaje kusema unamwonea wivu mtoto uliyembeba mgongoni?

Fundi alipokuja, washabiki walikubaliana kwamba mtu wa namna ile havai namba nyingine ila kumi. Seti ya jezi ilikuwa moja tu, na nyingine isingepatikana hata kwa dawa. Nani atakwenda kumwambia kijana? Bernado akasema nitakwenda mimi. Alifika nyumbani akakuta jezi imeanikwa kwenye kamba, mama yao, Nyamburi, ndiyo kwanza ameikamua, beseni la majani ya mpapai bado liko mikononi mwake. Eliasi alikuwa kizingitini anakula muhogo.

"Eliasi. Ile jezi."

Eliasi aliitazama kamba, akamtazama kaka yake. Alielewa yote.

"Haijakauka, kaka," alisema.

Bernado akaichomoa hivyo hivyo mbichi, ikimchuruzikia kwenye kiwiko, akaondoka nayo. Na tuseme lililo kweli: mikono iliyoichomoa jezi ile ilikuwa na furaha. Mama yao alimwaga maji ya beseni polepole mpaka yakaisha.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini wenyeji wengine hawaponi. Miaka mitatu Eliasi alicheza pembeni. Alikimbia, Keraryo akasifiwa, Bernado akapiga ngoma. Fundi alipotundika njumu, hakuna aliyekumbuka kumrudishia kijana namba yake. Akaacha mpira, akaingia kwenye mitumbwi ya sangara, na mwaka huo huo ziwa likamchukua. Walimwokotea ufukweni Mugango. Tangu azikwe, Nyamburi hakulitamka tena jina lake, na Bernado akajifariji kwamba mama amesahau.

Sasa turudi kwa watoto. Wa Florian alitangulia kuzaliwa, na alizaliwa analia. Florian alikuja kibandani macho mekundu, hajalala, anacheka peke yake. "Analia huyo! Analia mpaka majirani wamehama. Mama anasema hajaona kilio cha namna hiyo, lazima ni mtu mkubwa anadai." Bernado alimpa hongera iliyomkwama kooni kama mwiba wa samaki. Siku chache baadaye Marieta naye akajifungua mtoto wa kiume, wa kwanza baada ya wasichana watupu. Mtoto alilia mara moja kuonyesha kwamba yu hai, kisha akanyamaza, akaanza kutazama dari.

"Mtoto gani huyu?" Bernado aliuliza.

"Mtoto mzuri," akasema Marieta. "Una nini wewe?"

Alichokuwa nacho hakisemeki. Habari ilipokuja kwamba Petronila ameitwa Bunda, Bernado alishindwa kula. Alimwona Fundi akipanda pikapu ya Florian, Fundi aliyekuwa akifumba macho goti likichuliwa kwa kiganja cha Bernado, akienda kuishi Kabasa milele na kuitwa huko kila jioni aje aoge. Alimchukia Florian. Alimchukia mtoto wa Florian, kiumbe wa Mungu asiye na meno. Na Fundi mwenyewe alimkasirikia kidogo.

Lakini habari ya pili ikaja na mchuuzi wa dagaa. Bunda jina liliitwa mbele ya Petronila, likaitwa tena, na mtoto akazidisha kilio. Mwishowe nesi mmoja alimtazama akakuta sikio linatoa usaha. Akatiwa matone ya dawa, akalala fofofo. Hakuwa na marehemu yeyote, alikuwa na sikio. Bernado alicheka mpaka akatokwa na machozi. Kisha akageuka, akamtazama mwanawe, ambaye alikuwa anautazama mkono wake mwenyewe kwa amani kubwa.

Kesho yake alianza kumfinya.

Hakumfinya sana. Alisubiri Marieta aende kuchota maji, akaingiza mkono chini ya kanga, akashika pajani kwa vidole viwili. Mtoto alishangaa kwanza, kisha akalia. Bernado akatoka nje akipaza sauti, "Jamani, mtoto huyu analia! Sijui ana nini!" Ikawa hivyo kila siku, na majirani wakaanza kutikisa vichwa na kusema, huyo naye ameanza.

Marieta aliona alama nyekundu pajani, akasema ni kunguni. Akatoa kitanda nje, akakimwagia maji ya moto, akaanika godoro. Alama hazikuisha. Akakimwagia tena.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Nyamburi, akiendelea kuchambua dagaa. "Usihangaike na kitanda, mkamwana."

Bernado alimtupia mama yake jicho. Mama alikuwa anatazama dagaa.

Petronila alifika Makoko Jumapili baada ya misa, ameletwa na pikapu ya Florian. Florian alisema amejitolea kwa heshima ya marehemu. Kila mtu aliona amekuja kwa sababu asingeweza kukaa Bunda bila kujua. Washabiki wakajaa uani, wengine wamevaa fulana za zamani za Mwalo Stars zilizobaki kola tu. Wakanywa chai, ya sukari safari hii, na wakamwomba mgeni awaambie Fundi alikuwa akisema nini kuhusu Musoma katika ugonjwa wake. Wote wakanyoosha shingo. Kila mmoja alikuwa anasubiri kusikia jina lake.

Petronila akafikiri. "Watu hakuwataja sana," akasema. "Alikuwaga anataja jezi. Alisema, 'Siku ya kwanza walinivisha jezi mbichi. Ilinikaukia mwilini. Nikajua kuna mtu amevuliwa, na sikuuliza.' Hilo ndilo alikuwaga anarudiarudia. 'Petronila, sikuuliza.'"

Watu wakacheka. Wakasema kweli, dhiki ile, mpaka jezi mbichi! Florian alicheka akagonga goti. Bernado alijaribu kucheka, mdomo ukakataa. Nyamburi hakucheka. Aliweka kikombe chini, akajifuta mikono kwenye kanga, akasema, "Haya. Mtoto aletwe."

Bernado ndiye aliyempakata. Alisema baba ndiye mwenye haki hiyo, na Marieta akamwachia. Alikuwa ameshapanga kila kitu. Vidole vyake viwili vilikuwa chini ya kanga, mahali pake pa kila siku. Atashika, mtoto atalia, majina yatapita, na likifika la Keraryo ataachia. Ni hivyo tu. Jina litakuwa lake, Fundi atakuwa wake, na Florian atarudi Bunda na pikapu tupu.

Akafinya. Mtoto akalia, safari hii kwa nguvu, maana Bernado naye alikuwa na wasiwasi. Petronila akasogea mbele, mikono imekutana kifuani.

Desturi ni kwamba marehemu wa nje hapiti mlangoni kabla ya wa ndani. Nyamburi akapiga magoti mbele ya mjukuu wake, akaanza na wa nyumba.

"Ni wewe, Masatu? Kama ni wewe nyamaza, tukulee."

Mtoto akalia.

"Ni wewe, Magesa? Kama ni wewe nyamaza, tukulee."

Mtoto akalia. Akaitwa Nyamhanga, babu aliyekuwa akifua vyuma, akalia tena. Jasho lilimtoka Bernado kwenye paji la uso. Vidole vilianza kumwuma, lakini alivumilia, kwa kuwa aliwahesabu wafu wa nyumba yao na akaona wamekwisha. Sasa ni mgeni. Florian pale mlangoni alikuwa amefumba macho, midomo inacheza, na bila shaka hakuwa anamwombea mwenzake heri.

Nyamburi aliinama kidogo. Alipoinua uso hakumtazama mtoto. Alimtazama Bernado.

"Eliasi," akasema. "Mwanangu. Ni wewe?" Sauti yake haikutetemeka. "Jezi imekauka, baba. Njoo uvae."

Vidole vya Bernado vikaachia.

Hakuamua. Viliachia vyenyewe, kama vya mtu aliyepigwa kwenye kiwiko, na alipotaka kuvirudisha havikuwa na nguvu. Mtoto alivuta pumzi mara mbili kwa kwikwi. Kisha akanyamaza. Akatazama anga, kama alivyozoea kutazama dari.

Halafu mama mmoja akapiga kigelegele, wengine wakampokea, na washabiki waliokuja kumchukua Fundi wakajikuta wanapiga makofi kwa ajili ya kijana waliyemwacha pembeni ya uwanja. Petronila alikuwa analia. Alimshika Nyamburi mabega, akasema, "Mama, hata yeye angefurahi. Hata yeye," na hakuweza kumaliza. Florian akaja akampa Bernado mkono, meno yote nje. "Pole, ndugu yangu. Wote tumekosa, au siyo? Wote!" Furaha ya namna ile haikuwa imeonekana usoni pa mtu tangu ile faulo ya Bunda.

Bernado hakumsikia vizuri. Kati ya watu wote waliokuwa pale, yeye peke yake ndiye aliyejua kwa nini mtoto amenyamaza, na hakuwa na wa kumwambia. Angesema nini? Kwamba si Eliasi, ni vidole vyangu? Na vidole hivyo, nani aliviambia viachie?

Marieta akamchukua mtoto amfunge vizuri. Akafunua kanga, akaona paja. Alama ilikuwa mpya, nyekundu, ya kucha mbili, na hapo uani hapakuwa na kunguni. Akamwinulia mumewe macho, akamtazama kwa muda. Kisha akaifunika, akampa Nyamburi mtoto.

"Lete mwanangu," akasema Nyamburi, akamweka begani, akimpigapiga mgongoni. Akamsogelea mwanawe mkubwa na kusema kwa sauti ya chini, isiyokuwa ya watu wengine: "Kwetu jina likirudi, na udugu unarudi. Unajua hilo."

"Najua, mama."

"Huyu akijua kusema hatakuita baba. Atakuita kaka."

Bernado alitikisa kichwa kukubali. Mtoto, juu ya bega la bibi yake, alikunja uso kama anayetaka kuanza upya, na Bernado Masatu, kwa mara ya kwanza tangu mwana huyo azaliwe, akamwomba Mungu asilie.